Panya Hufuata Mvua: Mtangulie Kabla Hajafika kwenye Mbegu na Posho Yako

(Muziki wa kipindi. Unapungua taratibu.)

 

Leo tunazungumza juu ya panya. Najua umeshasema moyoni, "Panya nani asiyemjua?" Unamsikia usiku juu ya turubai. Unakuta gunia la unga limetobolewa siku tatu baada ya ugawaji. Unapanda mahindi nyuma ya nyumba, na wiki haijaisha unahesabu vishimo badala ya miche. Katika maisha ya kambini, kilo mbili za mahindi si jambo dogo. Posho ikipunguzwa, kila kikombe cha unga kina mtu wake.

Lakini je, umewahi kujiuliza kwa nini mwezi uliopita hukuwaona, na mwezi huu wamejaa? Walikuwa wapi? Watu wengi hudhani panya hutangatanga ovyo. Sivyo. Mambo matatu humpangia mahali pa kukaa na umbali wa kutembea: mvua, chakula na uzazi. Ukiyafahamu hayo matatu, utajua wiki gani atakuja na atapitia wapi, nawe utamtangulia.

PANYA SI WA AINA MOJA

Kwanza tuwatenganishe panya wawili, maana tabia zao hazifanani.

Yupo panya wa nyumbani, yule mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake, anayepanda ukuta na nguzo kama anatembea barabarani. Hukaa kwenye paa, kati ya nyasi na turubai, au nyuma ya magunia. Kwa kuwa nyumbani kwako kuna chakula mwaka mzima, naye anaweza kuzaa mwaka mzima. Hana sababu ya kwenda mbali.

Yupo pia panya shamba. Huyu ni mdogo zaidi, ana rangi ya kahawia inayoelekea kijivu, na huishi katika mashimo ardhini: mashambani, vichakani, pembezoni mwa mitaro. Wataalamu humwita Mastomys natalensis, na yupo sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Jike wake anajulikana kwa wingi wa chuchu, hadi 24. Ukiona idadi hiyo, elewa mara moja kwamba ni mnyama aliyeumbwa kulea watoto wengi kwa mpigo.

Panya shamba ndiye anayefukua mbegu zako, na ndiye tutakayemfuata leo.

Mambo mengi tunayoyajua kumhusu yametoka Morogoro, Tanzania. Kwa miongo kadhaa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Ubelgiji wamekuwa wakitega panya bila kuwaua, kuwatia alama, kuwaachia, kisha kuwatega tena mwezi unaofuata. Ukimkamata panya yuleyule mara tano, unajua amehama kiasi gani, ameota uzito kiasi gani, na kama ana mimba. Kazi hiyo ya uvumilivu imetupa kalenda ya panya.

MVUA NDIYO KALENDA YAKE

Panya shamba hahesabu miezi. Anahesabu mvua.

Mvua ikinyesha, nyasi changa huchipua na mbegu huanza kutungwa. Chakula hicho kipya ndicho kinachouambia mwili wa jike kwamba sasa ni wakati wa kuzaa. Kwa hiyo hazai siku ya mvua ya kwanza. Kwa kawaida uzazi huanza kama mwezi mmoja baada ya mvua kubwa kuanza. Hubeba mimba siku 23 hivi, kisha huzaa watoto kwa wastani 10 au 11 kwa mara moja. Na chakula kikiendelea kuwapo, hushika mimba tena bila kukawia.

Fanya hesabu wewe mwenyewe. Jike mmoja akizaa mara tatu katika msimu mmoja, hao ni watoto 30 hivi. Majike kumi katika kichaka kilicho nyuma ya bloku yenu ni watoto 300. Wengi watakufa kwa njaa, maradhi, nyoka na bundi. Lakini hata wakibaki theluthi moja, umeona kazi iliyo mbele yako.

Morogoro, ambako masika ni kuanzia Machi hadi Mei, panya huwa wachache kabisa karibu na mwisho wa masika. Watoto wanapozaliwa, idadi hupanda mwezi hadi mwezi na kufika kilele karibu na Oktoba na Novemba. Katika hekta moja, yaani zaidi ya uwanja mmoja wa mpira, wanaweza kutoka wachache tu hadi zaidi ya 100. Na mwaka ambao vuli inanyesha kwa wingi, majike huanza kuzaa mapema, kabla ya masika. Mkulima anapopanda mbegu za masika, panya tayari wamejaa. Ndiyo maana mvua nzuri ya vuli, ambayo sote huifurahia, inapaswa pia kukuamsha.

Sasa wewe huenda hukai penye masika na vuli. Upande wa Kigoma kuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia karibu Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi. Mahali kama hapo watoto wengi huzaliwa kuelekea mwisho wa mvua, wanakua wakati wa mavuno, na kiangazi kinawakuta wengi na wenye njaa. Mvua mpya ikianza na wewe ukapanda, mbegu yako ndiyo chakula laini cha kwanza wanachokiona baada ya miezi ya ukame. Kwa hiyo usikariri miezi ya Morogoro. Kariri mpangilio: mvua, nyasi, uzazi, wingi, kisha njaa. Anza kuhesabu kutoka mvua ya mahali ulipo.

ANATEMBEA UMBALI GANI?

Panya shamba hatembei mbali kila usiku. Maisha yake ya kawaida ni makumi machache ya mita kuzunguka shimo lake. Jike mwenye watoto amefungwa zaidi, kwa sababu lazima arudi kunyonyesha. Dume kwa kawaida huzunguka eneo kubwa kuliko jike, maana yeye hatafuti chakula tu, anatafuta pia majike, na hana jike mmoja.

Hapa kuna jambo la kushangaza waliloliona watafiti wa Morogoro. Wanyama wengi hulinda eneo lao, na mgeni akiingia hupigwa. Panya shamba hawafanyi hivyo. Maeneo yao huingiliana, dume juu ya dume, jike juu ya jike, wakati wa kuzaa na wakati usio wa kuzaa. Hakuna anayesema, "Hapa ni kwangu." Chakula kikiwapo, wanaweza kubanana sehemu ndogo kwa idadi kubwa sana.

Kwako wewe jambo hilo lina maana mbili. Ya kwanza: panya anayekula mbegu zako leo usiku analala karibu, pengine kwenye kichaka unachokiona ukiwa mlangoni. Ya pili ni ngumu zaidi. Ukiwaua panya wa nyumba yako peke yako, umefungua nafasi tu. Wale wa kwa jirani, ambao tayari walikuwa wanapita kwako, watahamia. Baada ya wiki chache utasema mitego haifai kitu. Mitego inafaa. Kilichokosekana ni jirani.

CHAKULA KIKIHAMA, NAYE HUHAMA

Sasa tuangalie jinsi msimu unavyomsogeza panya kutoka shambani hadi jikoni. Mfano mzuri unatoka mbali, nchini Guinea, Afrika Magharibi, lakini panya ni yuleyule. Huko watafiti walitega ndani ya nyumba na nje mashambani, misimu yote. Wakati wa kiangazi walikuta panya wamekusanyika ndani ya nyumba, palipo na nafaka iliyohifadhiwa. Wakati wa mvua walitawanyika na kwenda kwenye bustani na mashamba, kwa sababu chakula kilikuwa huko. Kijiji kilikuwa kilekile na panya walewale. Kilichobadilika ni mahali chakula kilipo.

Huko Guinea jambo hilo ni la hatari kubwa, kwa sababu panya huyo hubeba virusi vya homa ya Lassa. Lassa ni ugonjwa wa Afrika Magharibi, kwa hiyo usiogope kila panya unayemwona hapa. Lakini somo la nafasi linatuhusu: shamba likikauka, macho ya panya hugeukia ghala.

Na kambi yetu ina mambo yanayomrahisishia. Nyumba ziko karibu karibu. Posho huja kwa siku moja, nyumba zote, kwa hiyo kuna siku ambazo kambi nzima inanuka unga. Kuna nyumba tupu za majirani waliorudi makwao au waliopata safari, na hakuna anayefyeka wala kufagia. Kuna mashimo ya taka yaliyofurika. Na ng'ambo ya mpaka wa kambi kuna mashamba ya wenyeji. Wakivuna wao, panya wao hawasimami mpakani kuuliza kitambulisho.

TUFANYE NINI, NA LINI?

Twende kwa kufuata kalenda ya panya.

Kwanza, wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Huu ndio wakati wenye faida kubwa kuliko yote, na ndio wakati watu hawafanyi kitu kwa sababu bado hakuna hasara. Fyekeni nyasi kuzunguka nyumba na kuzunguka vishamba. Panya anaogopa uwanja mweupe, kwa sababu hapo bundi na mwewe wanamwona. Kichaka kwake ni barabara yenye kivuli. Jioni zibeni mashimo yote kwa udongo. Asubuhi angalieni yaliyofunguliwa, hayo ndiyo yenye mwenyewe, na hapo ndipo mtege.

Pili, siku za kupanda. Panya shamba hufukua mbegu tangu usiku wa kwanza, na hatari kubwa ni katika wiki mbili za mwanzo. Mche ukishakua na mbegu chini yake ikaisha, hamu yake hupungua. Kwa hiyo pandeni kwa wakati mmoja. Ukipanda peke yako wiki moja kabla ya wenzako, panya wote wa eneo hilo wana meza moja, nayo ni yako. Mkipanda pamoja, hasara hugawanyika na kipindi cha hatari hupita haraka. Endeleeni kutega kila usiku katika siku hizo. Mbegu zikifukuliwa, rudishia mapema ili miche isipishane sana umri.

Tatu, mahindi yanapokomaa. Usiyaache shambani yakaukie humo kwa wiki nyingi. Vuna yakishakomaa, anika mahali palipoinuka, na usiache magunzi yenye punje shambani. Kila punje inayobaki inamlisha jike anayejiandaa kwa msimu ujao.

Nne, baada ya mavuno na kila baada ya ugawaji wa posho. Sasa panya anaelekea nyumbani, kwa hiyo kazi ni kuhifadhi. Ndoo yenye kifuniko kinachobana ni bora kuliko gunia. Kama huna ndoo, tengeneza kichanja kinachofika kiunoni, mbali na ukuta. Chukua mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia, ikate, inyooshe, kisha izungushe kwenye kila mguu wa kichanja. Bati ni laini, kucha zake hazishiki, atateleza. Usiegemeze fimbo wala jembe kwenye kichanja, maana umemwekea ngazi.

TUTEGE PAMOJA

Mtego mmoja hautoshi. Utafiti uliofanywa vijijini Tanzania, Namibia na Eswatini ulionyesha kwamba kijiji kinapotega kwa wingi, kila siku, nyumba nyingi kwa pamoja, panya hupungua kweli.

Kiongozi wa bloku anaweza kupanga hivi: nyumba 20 zinazopakana zinaanza usiku mmoja. Kila nyumba inatega jioni na kukagua asubuhi. Weka mtego kando ya ukuta, maana panya hupenda kukimbia huku mwili unagusa ukuta. Chambo cha karanga zilizopondwa na dagaa kidogo kinatosha. Mitego ikiwa michache, kusanyeni yote mkahamishe kutoka safu hadi safu, lakini msiruke nyumba. Nyumba ya bibi anayeishi peke yake, ya mgonjwa, ya mlemavu, au ile tupu isiyo na mtu, vijana waishughulikie. Mkiiruka, hiyo ndiyo itakayowarudishia panya.

Na kama mashamba ya wenyeji yako karibu, viongozi wazungumze nao. Panya mmoja anakula kwa wote wawili. Hapo hakuna mkimbizi wala mwenyeji, kuna wakulima wenye adui mmoja.

Na bundi? Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba bundi analeta msiba. Naheshimu wazee wetu. Lakini bundi anayekaa kwenye mti karibu na shamba ameufuata mlo wake, na mlo wake ni panya. Mwache afanye kazi.

TAHADHARI

Jambo la kwanza ni sumu. Ile sumu isiyo na maandishi, inayouzwa kwa vipimo vidogo sokoni, imeua watoto, kuku na paka. Nyumba ya kambini ni chumba kimoja au viwili, na mtoto anatambaa palepale. Usiiweke. Tumia mitego.

La pili ni maradhi. Wasikilizaji mliotoka Ituri, na mlio karibu na West Nile nchini Uganda, mnaijua tauni. Viroboto wa panya ndio wanaoipitisha. Panya akifa, viroboto humwacha na kutafuta damu nyingine, hata ya mtu. Kwa hiyo usimshike panya aliyekufa kwa mkono mtupu. Tumia koleo, au vaa mfuko wa plastiki mkononi, mzike kwa kina, kisha nawa kwa sabuni. Mkiona panya wengi wamekufa wenyewe bila kutegwa wala kutiliwa sumu, msiwaguse: mwambieni mhamasishaji wa afya siku hiyohiyo. Na mtu akipata homa kali ya ghafla na mtoki unaouma kwenye kinena, kwapani au shingoni, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri kesho. Tauni inatibika kwa dawa ikiwahiwa.

La tatu, kwa wale ambao kwao panya wa porini ni kitoweo: usile panya uliyemkuta amekufa, wala aliyetoka mahali penye sumu. Unayemtega, mpike aive kabisa.

Ndugu msikilizaji, panya hana akili kuliko wewe. Ana jambo moja tu anakuzidi: hakosi msimu wake. Mvua ikija, yeye yuko tayari. Safari hii, mvua ikija, ikukute wewe na jirani zako mmeshafyeka, mmeshaziba na mmeshatega.

 

(Muziki wa kipindi. Mwisho.)

MASWALI KWA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI

1. Hapa tunapoishi, mvua huanza lini, na ni mwezi gani panya huonekana wengi zaidi? Linganisheni majibu yenu na kalenda iliyoelezwa.
2. Ni vichaka, nyumba tupu au mashimo gani ya taka katika bloku yetu ambayo panya wanayatumia kama makazi?
3. Nani kati yetu ana mitego, na tunaweza kuanza kutega pamoja jioni gani?
4. Ni nyumba zipi zinahitaji kusaidiwa na vijana?